Ntambo, Kata na Ziwa: Lugha na Historia ya Ushirikiano wa Serikali za Mitaa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Historia ya serikali za mitaa nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata sheria zilizoziunda, zilizozifuta na zilizozirejesha. Njia hiyo ina faida zake, kwani bila tarehe na sheria msimulizi hana pa kusimamia. Hata hivyo, inaacha kando jambo ambalo wanataaluma wa Kiswahili wana nafasi nzuri ya kulishughulikia, nalo ni majina ya maeneo ya utawala yenyewe. Mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji na kitongoji ni maneno kabla ya kuwa ofisi. Kila neno hukata nchi kwa namna yake, na kila mkato huamua nani atahesabiwa kuwa mwenyeji, nani atakuwa jirani, na ni mambo gani yataonekana kuwa ya pamoja.

Mhadhara huu unaichunguza hoja hiyo kwa mfano wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, lina utaratibu wa jadi wa kugawa ardhi, uitwao ntambo kwa Kimatengo, ambao mipaka yake ilifuata vijito na miteremko. Pili, katika kipindi kisichofika miaka hamsini, nchi iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Songea imemegwa mara kwa mara, na leo ina halmashauri kadhaa zinazotumia maji yaleyale.

Hoja kuu ni kwamba ushirikiano wa mamlaka za mitaa katika kutunza ardhi, misitu, maji na samaki umepata nguvu pale ambapo eneo la ushirikiano lilifuata mkondo wa maji na likatajwa kwa maneno ya watu wanaolitumia. Umelegea pale ambapo mpaka ulichorwa kwanza na maji yakatafutiwa kamati baadaye. Suala hili linagusa riziki ya mkulima wa kahawa wa Litembo na ya mvuvi wa Liuli kwa pamoja, ingawa wawili hao hawapigi kura katika halmashauri moja.

2.0 Nchi na Maji Yake

Milima ya Umatengo inafikia takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni ya kilomita 66 hivi. Kwa hiyo mtu husafiri kwa muda mfupi kutoka kwenye baridi ya mashamba ya kahawa, maharage na ngano hadi kwenye joto la mihogo, mpunga na mitumbwi. Udongo unaochukuliwa na mvua juu milimani nao husafiri njia hiyo, tena bila kuhitaji barabara.

Milima hii hugawa maji. Vijito vya upande wa magharibi hushuka moja kwa moja ziwani. Vile vya kaskazini hujiunga na Mto Ruhuhu, unaoingia ziwani kati ya Lituhi na Manda. Vile vya mashariki na kusini huelekea Mto Ruvuma na hatimaye Bahari ya Hindi. Maji ya ziwa nayo hutoka kwa Mto Shire, yakaingia Zambezi, yakafika bahari ileile kupitia Msumbiji. Mvua ya siku moja katika kilele kimoja cha Umatengo yaweza basi kufika baharini kwa midomo miwili iliyo mbali sana.

Utawala wa kisasa wa maji umeufuata ukweli huo. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji. Upande wa Mbinga unaoelekea ziwani uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye makao yake Tukuyu. Upande unaoelekea Ruvuma uko chini ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambalo makao yake yako Mtwara. Hivyo wilaya moja hupeleka masuala ya maji yake katika miji miwili iliyo pembe mbili tofauti za kusini mwa nchi, wakati masuala ya bajeti hupelekwa Songea.

Kiungo kati ya mlima na ziwa huonekana vizuri zaidi kwa samaki aitwaye mbasa. Samaki huyu huishi ziwani, lakini wakati wa kuzaa hupanda mito mikubwa, Ruhuhu ukiwamo, kutafuta maji yanayokwenda kasi na sehemu zenye changarawe. Mto ukijaa tope, au mdomo wake ukizibwa kwa nyavu, mazalia huharibika. Kwa namna hiyo shamba lililolimwa vibaya mlimani na kokoro lililotegwa mdomoni mwa mto hukutana katika jambo moja, ingawa mwenye shamba na mwenye kokoro huenda hawajawahi kuonana.

3.0 Ntambo, Ngolo na Sengu

Kabla ya kuwapo neno wilaya katika nchi hii, Wamatengo walikuwa na kipimo chao cha eneo. Ntambo ni mgongo wa mlima pamoja na mteremko wake, uliopakana na vijito pande zake, na uliokuwa mikononi mwa ukoo mmoja. Juu palibaki msitu au malisho, katikati palijengwa nyumba, na baadaye kahawa ikapandwa kuzizunguka. Kwenye mteremko palilimwa mazao ya chakula, na chini bondeni palikuwa na bustani za kiangazi. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Harry Basehart, aliyechapisha tafiti zake juu ya Wamatengo katika miaka ya 1970, alionyesha jinsi makazi, kilimo na siasa za watu hawa zilivyoshikamana. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mwenye mamlaka juu ya ntambo alikuwa na mamlaka juu ya msitu wa juu na bustani ya chini kwa pamoja. Aliyekata miti kileleni aliona athari yake bondeni mwake mwenyewe.

Ndani ya ntambo ndimo kilimo cha ngolo kilimokulia. Wenyewe hutamka ngolo, ingawa maandishi mengi ya wageni na hata ya Kiswahili yameandika ngoro. Mwishoni mwa masika, wanaume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzilaza juu ya mteremko katika safu zinazokatana na kufanya miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi, hivyo kila shimo huzungukwa na matuta manne. Maharage hupandwa kwenye matuta, na msimu wa mvua unaofuata hupandwa mahindi. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea, na mashimo hukinga maji na udongo unaoteremka. Shamba lililolimwa hivyo, likitazamwa kutoka ng'ambo ya bonde, hufanana na sega la nyuki lililotandikwa mlimani.

Simulizi za wenyeji huunganisha kukua kwa kilimo hiki na karne ya 19, wakati mashambulizi ya Wangoni yalipowabana watu milimani. Msongamano katika miteremko mikali uliwalazimisha kutafuta namna ya kulima bila kupoteza udongo. Mwaka 1938, A. H. Pike alieleza utaratibu huu katika jarida la Tanganyika Notes and Records kama mfano wa hifadhi ya udongo iliyobuniwa na wakulima wenyewe. Sifa hiyo ina uzito wa pekee ikilinganishwa na yaliyotokea kwingineko. Huko Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kutengeneza matuta ya ngazi kwa amri, na mwaka 1955 pakazuka ghasia. Milima ilikuwa ya namna moja na tatizo lilikuwa moja. Tofauti kubwa ilikuwa ni nani aliyeianzisha kazi na kwa lugha ya nani ilielezwa.

Taasisi ya tatu ni sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja nyumbani kwa mzee wao, na katika mlo huo wakazungumzia kazi, mipaka, ugomvi na malezi ya vijana. Sengu ilikuwa chombo cha mashauri ambacho hakikuhitaji wito, kwa kuwa watu walikutana kwa sababu ya chakula. Hata hivyo, isisifiwe kupita kiasi. Wanawake, ambao mikono yao ndiyo iliyochimba ngolo, hawakuketi katika mlo huo, na sauti yao ilifika kwa kupitia waume na kaka zao. Aidha, ntambo ilikuwa na ukomo. Watu walipoongezeka, vijana walikosa sehemu na wakahamia kwenye ardhi mpya za mashariki, ambako miteremko ni midogo na ukoo haukuwa na mamlaka ileile.

4.0 Wangoni, Wamatengo na Neno Ushirika

Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliingiza Umatengo na mwambao katika mfumo wa utawala wa Kiingereza uliotumia watawala wa jadi. Mfumo huo ulihitaji kila kabila liwe na eneo lake na mtawala wake. Mlima na ziwa, ambavyo vilikuwa vimeunganishwa na biashara ya samaki, chumvi na nafaka, vikaanza kuandikwa katika faili tofauti.

Kilichovuka mipaka hiyo kilikuwa zao la biashara. Mwaka 1936 kiliundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa kifupi kama NGOMAT, kwa ajili ya kuuza tumbaku. Jina lenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Makabila mawili ambayo kumbukumbu ya vita kati yao ilikuwa bado hai yaliwekwa katika neno moja, kwa kuunganisha silabi za majina yao. Nalo neno ushirika, lenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa na sehemu katika jambo, likaingia katika mazungumzo ya kila siku ya mkulima. Kwa watu wengi wa Mbinga, ushirika ulikuwa njia ya kwanza ya kujiona kuwa na jambo moja na watu wasio wa ukoo wao.

Ushirika wa kahawa uliofuata uliigusa ardhi moja kwa moja. Mkulima aliyepata mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama aliweza kutunza kahawa na kulima ngolo kwa chakula bila kufungua shamba jipya msituni. Vyama vikuu vilifutwa na serikali mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Baada ya biashara ya kahawa kulegezwa masharti katika miaka ya 1990, chama kikuu cha Mbinga, MBICU, kilianguka. Pembejeo zikawa ghali, bei ikayumba, na wengi wakatafuta fedha kwa kufungua mashamba ya mahindi kwenye ardhi ya misitu. Kwa hiyo kuanguka kwa chama cha biashara kulionekana pia katika udongo na katika vijito, jambo ambalo hakuna halmashauri iliyokuwa imelipangia.

5.0 Kumegwa kwa Nchi, 1972 hadi 2012

Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri za wilaya na kuhamishia mamlaka kwa maofisa wa mikoa na wilaya, mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Ni katika kipindi hicho, katikati ya miaka ya 1970, Mbinga ilipomegwa kutoka Songea na kuwa wilaya. Sheria ya mwaka 1975 ikakipa kijiji hadhi ya mamlaka kamili. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu wengi nchini. Lakini hata pale nyumba zilipobaki mahali pake, jina la eneo na mamlaka yake vilibadilika. Kijiji kilihesabu kaya, wala hakikuhesabu vijito, na mstari wake uliweza kuikata ntambo moja katika sehemu mbili au kuziweka ntambo kadhaa chini ya mwenyekiti mmoja. Sengu ilififia katika mazingira hayo, kwa kuwa mashauri yalihamia kwenye mkutano wa kijiji.

Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 ilizirejesha halmashauri za wilaya, na mwaka 1984 zikaunda jumuiya yao, ALAT. Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga ilikuwa kubwa. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu humo zaidi ya watu 400,000, kutoka milimani hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Udhaifu wake ulijulikana, hasa kwa watu wa mwambao, ambao walilazimika kupanda mlima kwa barabara mbovu ili kupata huduma, na ambao waliona kahawa ikizungumzwa zaidi kuliko samaki. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo haikuthaminiwa hadi ilipopotea: diwani wa Litembo na diwani wa Lituhi walikaa katika ukumbi mmoja.

Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilizinduliwa, makao yake yakiwa Mbamba Bay, na sensa ya mwaka huo ikaihesabu kuwa na watu zaidi ya 146,000. Mwaka huohuo Mkoa wa Njombe ulitenganishwa na Iringa, ukaichukua Ludewa iliyo ng'ambo ya Ruhuhu. Katika muongo huo Mji wa Mbinga nao ukapata halmashauri yake. Malalamiko ya mwambao yalikuwa ya haki, na wilaya mpya ilileta huduma karibu. Wakati huohuo, mstari wa utawala uliwekwa kati ya mteremko na ufuko wake. Ushuru wa kahawa ukabaki juu, tope likaendelea kushuka chini. Makaa ya mawe yanayochimbwa Ngaka, Wilaya ya Mbinga, tangu mwaka 2011, yana historia ya namna hiyo: mgodi uko katika wilaya moja na bandari ya Ndumbi, iliyokusudiwa kuyasafirisha kwa maji, iko katika nyingine.

Sheria zimejitahidi kuziba pengo hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaviruhusu vijiji kuingia makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka kamati za mazingira katika ngazi za mitaa, na inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeunda bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji. Kila moja ni nzuri kwa upande wake. Ugumu huanza zinapokutana mahali pamoja. Katika sehemu nyingi za mwambao wa Nyasa, ardhi tambarare kati ya mlima na maji ni ukanda mwembamba. Mita 60 zinaweza kuwa ndizo hizo zenye nyumba, shamba la mihogo na mahali pa kuanikia dagaa. Kipimo kilichowekwa bila kutazama umbo la nchi humfanya mwananchi aonekane mkosaji nyumbani kwake, na humfanya ofisa wa halmashauri aogope kukitaja.

6.0 Kindimba na Kurudi kwa Neno Sengu

Mfano wenye mafunzo zaidi ulitokea kijijini. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa ushirikiano na watafiti wa Japani kutoka Chuo Kikuu cha Kyoto, kilichunguza misitu ya miombo na kilimo cha Umatengo. Mwaka 1999 chuo kilianzisha kituo cha maendeleo endelevu ya vijijini, kikafanya kazi katika vijiji vya Mbinga, Kindimba kikiwa kimojawapo, na pia katika milima ya Uluguru.

Huko Kindimba, kazi ilianzia kwenye mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa maji. Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki. Kina mama walikuwa wakitumia muda mwingi kutafuta unga, na kijito kilikuwapo. Lakini mashine ya maji huhitaji maji ya mwaka mzima, na maji ya mwaka mzima huhitaji chanzo kisichokatwa miti. Mtu aliyependa unga wa karibu alilazimika kupenda na msitu wa juu. Baada ya hapo vikundi vya kupanda miti, kufuga nyuki na kufuga samaki vilienea, na vijiji vya jirani vikaja kutazama na kuiga.

Kamati iliyosimamia shughuli hizo iliitwa Sengu. Kwa mtazamaji wa juujuu, huo ulikuwa uchaguzi wa jina tu. Kwa mwanaisimu, lilikuwa tukio la upanuzi wa maana. Neno lililotaja mlo wa wanaume wa ukoo mmoja lilipewa kazi ya kutaja baraza la kijiji chenye koo nyingi, na lilipoingia katika kazi hiyo halikuweza tena kuwafungia mlango wanawake. Lilibaki na kiini chake, yaani mashauri ya watu wanaokula kutoka chungu kimoja, likaacha ganda lake. Maneno ya jadi hayana budi kutendewa hivyo. Yakirudishwa kama yalivyokuwa, hurudisha na dhuluma za zamani. Yakitupwa, hutupwa pamoja na maarifa yaliyomo.

7.0 Ziwa na Ujirani Mwema

Ushirikiano mgumu kuliko wote ni ule wa ziwani. Jina Ziwa Nyasa lenyewe limetokana na kutoelewana kwa lugha. Katika lugha za eneo hili nyasa na nyanja humaanisha maji mengi au ziwa, na David Livingstone alipolifikia mwaka 1859 akalichukua neno la kawaida kuwa jina maalumu. Msemaji wa Kiswahili anapotamka Ziwa Nyasa hutaja ziwa mara mbili. Malawi huliita kwa jina la nchi yake, na Msumbiji huandika Niassa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliacha mzozo wa mpaka ambao uliibuka kwa nguvu tena mwaka 2012. Tanzania hushikilia kwamba mpaka uko katikati ya maji, Malawi hushikilia kwamba uko kwenye ufuko wa Tanzania.

Pamoja na hayo, watu wa ufukoni wana historia ndefu ya kuvuka. Kuanzia mwaka 1901 meli ya misheni ya Kianglikana, Chauncy Maples, iliyahudumia makanisa na shule za pande mbalimbali za ziwa, kituo kikuu kikiwa kisiwani Likoma. Biashara kati ya Mbamba Bay na Nkhata Bay iliendelea chini ya serikali zilizotofautiana. Mipango rasmi nayo ilijaribu kufuata njia hizo. Mwaka 2004 Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilitia saini makubaliano ya Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara, ambao ungeunganisha bandari ya Mtwara na ziwa kupitia Songea na Mbinga. Barabara ya lami imefika Mbamba Bay katika miaka ya hivi karibuni. Kaskazini mwa ziwa, Tanzania na Malawi, zikiwa bado na mzozo wa maji makuu, zilikubaliana mwaka 2017 kuunda kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe. Kwa hiyo nchi ambazo hazijakubaliana juu ya mstari zimeweza kukubaliana juu ya mto.

Kiswahili kimechangia msamiati wa pekee kwa kazi hii. Maofisa wa mikoa na wilaya za mipakani huviita vikao vyao na wenzao wa nchi jirani vikao vya ujirani mwema. Neno hili halidai kwamba mpaka ufutwe, wala haliulizi nani mwenye haki ya mwisho. Linadai mwenendo. Mwezi wa Agosti 2019, mkutano wa wakuu wa SADC jijini Dar es Salaam ulikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, ambayo nchi zote tatu za ziwa hili ni wanachama. Uamuzi huo utakuwa na maana ufukoni ikiwa makubaliano kuhusu nyavu, misimu ya uvuvi na mazalia ya samaki yataandikwa kwa lugha ambayo mvuvi anaweza kuisoma na kuijibu.

8.0 Maneno na Upeo Wake

Istilahi maendeleo endelevu imeundwa vizuri kisarufi. Maendeleo ni nomino ya kitenzi endelea, na endelevu ni kivumishi cha kitenzi hichohicho, kikiwa na kiambishi kinachotaja sifa ya kudumu kama katika tulivu na vumilivu. Lakini kwa kuwa maneno yote mawili yametoka katika mzizi mmoja, istilahi hii huzungumzia wakati pekee. Huuliza jambo litakwenda mpaka lini. Haiulizi litakwenda kutoka wapi mpaka wapi, wala pamoja na nani. Ntambo huuliza maswali hayo mawili.

Maneno ya utawala nayo yana upeo wake. Kata hutokana na kukata. Serikali za mitaa hubeba neno mtaa, ambalo ni la mjini, na ambalo katika sheria hutumika kwa maeneo ya miji, huku sehemu kubwa ya nchi inayoongozwa nazo ni mashamba, misitu na maji. Bonde limepanuliwa kutaja nchi yote inayomimina maji mahali pamoja, hata vilele vyake, na mkulima wa mlimani huweza kushangaa akiambiwa kwamba anaishi bondeni. Hata ntambo ina hatari yake. Kikanuni nomino hii ya Kimatengo hulingana na ngeli ya mtambo wa Kiswahili, na msomaji asiyejua ataona mashine mahali palipo mlima. Hizi si sababu za kuyakataa maneno hayo. Ni sababu za kuyafafanua kabla ya kuyaweka katika mpango wa halmashauri.

Kwa muda mrefu jambo hili lilizuiwa na mgawanyo wa lugha. Sheria za ardhi, mazingira na maji zilizotajwa hapo juu zilitungwa kwa Kiingereza, mikutano ya vijiji iliendeshwa kwa Kiswahili, na maarifa ya udongo yaliishi katika Kimatengo, Kinyasa, Kimanda na Kimpoto. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria yamepunguza umbali kati ya ngazi mbili za juu. Umbali kati ya Kiswahili na lugha za wenyeji bado ni kazi ya wataalamu wa istilahi. Nobuko Yoneda, aliyechapisha msamiati wa Kimatengo mwaka 2006, ameonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana. Msamiati wa namna hiyo ukiwekwa mezani mwa ofisa mipango, utamfaa kama ramani.

9.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa haionyeshi kwamba wilaya kubwa ni bora kuliko ndogo, wala kwamba ntambo irudishwe kuwa mamlaka ya utawala. Watu wa Nyasa walikuwa na haki ya kupata halmashauri yao. Inachoonyesha ni kwamba kila mpaka unapochorwa, jambo la pamoja lililokuwa halina haja ya jina huhitaji kupewa jina, ukumbi na watu wa kulisimamia. NGOMAT ililipa jina jambo la soko. Sengu ya Kindimba ililipa jina jambo la maji ya kijiji. Mteremko mzima kutoka Umatengo hadi ufukoni bado haujapata jina lake katika Kiswahili cha utawala, na kwa sababu hiyo haujapata kikao chake cha kudumu.

Sheria ya mwaka 1999 inatoa mlango wa kuanzia, kwa kuwa makubaliano ya vijiji vinavyopakana yanaweza kufuata kijito kimoja kutoka chanzo hadi ziwani, hata kama vijiji hivyo viko katika halmashauri mbili. Halmashauri zikiyakubali makubaliano hayo na kuyaingiza katika sheria ndogo zao, diwani wa juu na diwani wa chini watakuwa wamerudi katika ukumbi mmoja kwa jambo moja. Kwa wanafunzi wa Kiswahili kazi iliyobaki ni ya kawaida na ya haraka: kukusanya kutoka kwa wakulima na wavuvi maneno ya miteremko, vijito, udongo, upepo na mazalia, kuyafafanua, na kuyafikisha mahali mipango inapoandikwa. Mbasa atapanda Ruhuhu msimu ujao kama alivyopanda siku zote. Kama atakuta maji safi au tope ni suala litakaloamuliwa na watu wa Mbinga, Nyasa na Ludewa wakiwa wamekaa pamoja, au wakiwa hawajakaa.